Tulivyopanda Kinamasi na Mzee Aminieli

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, kisimani, sokoni, na mmoja wenu, anajijua, akaninong'oneza katikati ya sala: Joyce, ilikuwaje ukaenda Moshi kutembea tu, ukarudi na kiatu kimoja? Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana anayesikia nusu anakwenda kuongeza nusu yake mwenyewe. Juzi nimesikia kwamba niling'atwa na mamba. Sikung'atwa na mamba. Kaeni niwaambie yote kwa mpangilio, na habari za tiketi naziruka kwa sababu hazina utamu.

Dodoma hadi Moshi

Mnajua kazi yangu ni cherehani, na mliona miguu ilivyonivimba mwaka huu kwa kukaa. Daktari akaniambia nitembee. Sasa Dodoma utembee wapi? Mto wetu ni mchanga, unapita katikati yake mchana kweupe unatoka na vumbi hadi masikioni. Ndipo Ndeonasia, rafiki yangu tangu tulipokuwa chuo cha ushonaji, akanipigia simu kutoka Moshi. Mume wake, akasema, anataka kuanza kutembeza watu kando ya mto, kwenye chemchemi na mashamba ya mpunga, majani mabichi, ndege, taratibu kabisa, mwendo wa watu wa umri wetu. Nikaona huko ndiko kwangu.

Kwenye basi nilikaa na baba mmoja wa Kichagga, mpole, aliyekuwa anarudi kwao Kibosho. Mbele ya Babati basi likagoma. Dereva alishuka, akalitazama kwa muda mrefu, akanunua hindi la kuchoma, akaendelea kulitazama. Tukabaki tunaongea.

"Mama unapanda?" yule baba akaniuliza.

"Napanda nini?"

"Mlima."

"Hapana. Naenda kutembea kwenye kinamasi."

Alinitazama usoni, akatazama miguu yangu. "Kwa hiari yako?"

Nikamweleza habari ya daktari. Alisikiliza kwa heshima zote, kisha akafungua begi lake akanipa soksi nzito za sufu, akasema huko juu baridi ni kali. Nilimweleza tena kwamba siendi juu. Akasema anaelewa, lakini nichukue tu. Kwa watu wa Moshi mgeni mwenye begi ni mpanda mlima, hata akiapa. Nilizichukua ili tumalize, na basi nalo likawaka bila mtu kulifanya lolote.

Njoro

Niliingia Njoro, mtaa wao pale Moshi, jioni. Ndeonasia amenenepa vizuri, na bado anaongea huku anakata vitunguu bila kutazama kisu. Mume wake, Aminieli, alinikaribisha kwa mikono miwili. Ni mzee mrefu, mkavu, mwenye mgongo ulionyooka na goti moja linalolia anapokaa. Maisha yake yote ameongoza wageni Mlima Kilimanjaro. Goti lilipomkataa, akarudi nyumbani. Ila ni mwili tu uliorudi.

"Shemeji, umekunywa maji?" aliniuliza kabla sijaketi.

"Nimekunywa."

"Kichwa kinauma? Hamu ya kula ipo? Choo umekwenda leo?"

Wenzangu, nina miaka hamsini na minane, na hilo swali la mwisho hata mama yangu aliacha kuniuliza zamani. Nilimtazama Ndeonasia. Alikuwa anakata kitunguu.

Asubuhi, jogoo wa jirani hajaamua kuwika, nikasikia sauti ya upole nje ya mlango wa chumba: "Shemeji, maji ya kunawa." Nikafungua. Aminieli alikuwa amesimama na beseni dogo la maji ya moto na kipande cha sabuni, kama wanavyowafanyia wageni kwenye mahema kule mlimani. Baadaye nikaambiwa humfanyia hivyo mke wake kila siku, na alishawahi kumfanyia mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Jikoni Ndeonasia akanieleza kilichokuwepo. Kuna nyumba ya wageni pale mjini inatafuta mtu wa kuongoza matembezi ya bondeni. Msichana wao angekuja kutembea nasi. Akimkubali Aminieli, kazi ni yake. Akimkataa, basi.

"Basi nini?" nikamuuliza.

"Basi ataendelea kukaa pale barazani." Aliweka kisu chini, na hapo nikajua ni jambo zito. "Joyce, mume wangu anakaa anautazama mlima wa Mawenzi tangu asubuhi mpaka mawingu yaufunike. Wenzake wakipita kwenda kazini anajifanya anafunga kamba za viatu. Hana safari, lakini viatu anavivaa kila siku. Akikosa na hii, sijui nitamwambia nini."

Nikamwambia atapata. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa sijatembea naye bado.

Njoro hadi Mkuu

Kesho yake nilivaa raba zangu niende kuona mpunga. Aminieli akasema leo hatuendi bondeni, leo tunakwenda Mkuu, Rombo. Nikamuuliza kama Mkuu si juu. Akasema ni juu.

"Mlimani, shemeji, mchana unapanda juu, halafu unashuka kulala chini. Mwili unazoea."

"Lakini tunakokwenda ni chini."

"Ndiyo maana lazima uzoee."

Nilitafuta kosa kwenye maneno hayo hadi Himo, nikalipata tulipokuwa tumeshakata kona ya kupanda. Jirani mwenye gari la Noah ndiye aliyetupeleka, na kila nilipotaka kusema kitu Aminieli alinipa maji ninywe.

Sababu nyingine ya kwenda Mkuu ilikuwa Thobias. Huyo alikuwa mpishi wake mlimani miaka yote, Mkatoliki wa Rombo, mfupi, mcheshi, anayemwita Aminieli "Mlutheri wangu" mbele za watu. Aminieli alikuwa amekataa katakata kuongoza safari bila mpishi. Nilimkumbusha kwamba matembezi yenyewe ni ya nusu siku. Akaniuliza kama nusu siku watu hawali.

Kwa Thobias tulikuta kiburu, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, na nilikula hadi nikaona aibu. Kisha ikaja mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi, kwenye kibuyu. Thobias akaishika, mbele ya macho yangu akapiga funda refu, akafuta mdomo, ndipo akanipa mimi. Kwetu mtu akikufanyia hivyo amekutukana, unaaga unaondoka. Nilikaa na kibuyu mkononi nimenuna, hadi Aminieli akanong'ona kwamba mwenye nyumba lazima aonje kwanza, mgeni aone kwamba hajawekewa kitu kibaya. Nikaonja kidogo kwa adabu. Nikaonja tena. Kurudi Njoro nilikuwa nimezoea kila kitu, na tulipofika nilipimwa kidole kwa kile kidude kinachobana, nikaambiwa hewa yangu ya damu inafaa kabisa kwa safari.

Njoro hadi mpungani

Siku yenyewe Glory alifika mapema. Ni yule msichana wa nyumba ya wageni, miaka ishirini na kitu, raba nyeupe, miwani ya jua kichwani, mkarimu wa tabasamu lakini anaangalia kila kitu. Huyo ndiye mwenye kusema ndiyo au hapana.

"Shikamoo babu. Shikamoo mama."

"Marahaba," Aminieli akajibu. "Umekunywa maji kiasi gani?"

Tulisimamishwa uani tukapewa maelezo. Alitueleza dalili za kuzidiwa na urefu wa mlima. Alisema akimwambia mtu ashuke, mtu huyo atashuka bila ubishi, hata awe mkubwa wa wapi. Glory alinyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Sori babu. Simu yangu inaonyesha huko tunakokwenda ni chini kuliko hapa. Na mama katoka Dodoma, Dodoma iko juu kuliko Moshi. Yaani mama kashazidi."

"Simu haina mapafu," alisema Aminieli, na safari ikaanza.

Sasa nisikieni kuhusu mwendo. Aliambiwa matembezi ni ya taratibu, na yeye taratibu anaijua moja tu. Aliweka mguu, akasubiri, akaweka mwingine, kama mtu anayepima kitambaa cha bei mbaya. Nyuma yake mimi, nyuma yangu Glory, hakuna kupitana. Kina mama waliokuwa wanakwenda kukata majani ya ng'ombe walitupita. Tulipofika kwenye miti mikubwa ya msitu wa Rau walitupita tena wanarudi, na mizigo kichwani, wakatupa pole ya msiba.

Ila niseme ukweli, kule kuna uzuri. Maji yanatoka ardhini yenyewe, baridi, unaona mchanga unavyocheza chini. Mbega wamekaa juu na mikia yao myeupe wanatutazama sisi tulivyo wa ajabu. Mimi niliyezaliwa mahali ambapo ndoo ya maji inafunikwa, niliona maji yanapita bila mtu wa kuyakinga, nikasikia uchungu na furaha pamoja. Nilitaka kusimama nikae hapo. Aminieli akasema mlimani ukikaa mwili unapoa. Jua lilikuwa linatuchemsha, soksi za yule baba wa Kibosho nimezivaa kwa amri yake.

"Babu, ndege yule ni nani?" Glory aliuliza tulipofika kwenye matete. Kulikuwa na ndege mwekundu wa kahawia, vidole virefu mno, anapita juu ya majani yanayoelea, mbio mbio, bila kusimama.

Aminieli alimtazama. "Huyo anatembea vibaya," alisema.

Niliona Glory anazuia kicheko, kisha niliona anaacha kuzuia na kuanza kufikiri. Nami nikaelewa anachofikiri. Mzee alikuwa hamjui ndege hata mmoja. Alijua mawingu, alijua nyuso zetu, alijua saa ya kunywa maji, lakini bonde lile alikuwa analiona kwa mara ya pili maishani.

Meza ya Thobias

Thobias alitangulia kwa bodaboda, na tulipotokeza mpungani tukakuta maajabu yake. Juu ya tuta, katikati ya majaruba ya mpunga ya kijiji cha Mabogini, ilikuwapo meza ya kukunja yenye kitambaa, viti vitatu, bakuli la bisi, na sufuria la supu ya boga na tangawizi inayotoa moshi.

"Supu inapasha mwili," Thobias alieleza.

Mwili ulikuwa umepashwa tangu asubuhi. Lakini nawaambia supu ile ilikuwa tamu, tuliinywa huku jasho linadondokea ndani. Glory aliipiga picha. Aminieli alikaa kwa mara ya kwanza, na nikaona bega lake limelegea, nikafikiri tumeshapata kazi.

Ndipo ikaja sauti kutoka ng'ambo.

"Nani kaweka hoteli juu ya tuta langu?"

Alikuwa mama mmoja mnene, gauni limefungwa kiunoni, jembe begani, matope hadi magotini. Mama Zubeda, mwenye jaruba. Alikuja kwa kasi ambayo sijaona mtu akiwa nayo mahali penye utelezi. Tulipotazama chini ya meza tukaelewa. Miguu ya meza ilikuwa imezama, tuta limepasuka, na maji yake yote ya mpunga yalikuwa yanatiririka kwa furaha kwenye njia tuliyopangiwa kurudia.

Tulifanya kazi wote. Glory alibeba matope kwa mikono, raba zake nyeupe zikasahaulika. Mama Zubeda alituongoza kwa kutugombeza, na mimi aliniambia napiga udongo kama nampapasa mtoto. Tuta likaziba. Njia ndiyo haikuwapo tena.

"Sasa mtapita huku," alisema, akionyesha kinamasi chenye matete hadi barabarani. "Vueni viatu. Mpite haraka, msisimame. Mangi, umenisikia? Haraka."

Aminieli, Mangi mwenyewe, maana Mchagga yeyote huitwa hivyo, alijipangusa mikono. "Asante mama. Ila kuna namna ya kuongoza watu."

"Kwenye tope?"

"Popote."

Ng'ambo

Alitangulia na viatu vyake vya mlima, vile vizito. Akaweka mguu, akasubiri. Akaweka mwingine, akasubiri. Nilimfuata, raba na soksi za sufu miguuni, kwa sababu kiongozi hakusema tuvue. Hatua chache za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha niliona shemeji yangu anazidi kuwa mfupi.

Tope lile halitaki mtu anayesubiri. Aliposimama kutafakari lilimshika magotini, alipotafakari tena likamfika mapajani. Nikasimama kwa sababu yeye amesimama, nami nikaanza kushuka. Glory nyuma alikuwa anasema "mama sogea, mama sogea," na mimi miguu yangu haikuwa yangu tena. Ubaridi ulinipanda hadi kiunoni. Ninyi mnajua siogopi kitu, hata nyoka wa chooni niliua mimi. Pale nilishindwa kuvuta pumzi. Nilifungua mdomo pumzi haikuingia.

Aminieli aligeuza shingo. Yeye mwenyewe alikuwa amezama kuliko mimi, goti bovu limo humo humo, lakini aliniangalia kana kwamba ana nafasi yote duniani.

"Shemeji, nitazame mimi. Usitazame tope. Jina lako nani?"

"Unalijua," nikasema, bila sauti.

"Niambie."

"Joyce."

"Joyce, shati la shule unaanza kushona wapi?"

"Mabegani."

"Kwa nini si kola?"

"Kola utaipachika wapi kama hujaunga mabega?" nikamfokea, na kumbe ili umfokee mtu lazima uvute pumzi. Akaniuliza habari ya mikono ya shati, na vifungo, na mfuko. Nilimjibu vyote kwa hasira, hadi kifua kikatulia.

Mama Zubeda alikuwa ameshafika kwa mbio zake, peku, anatupa vitita vya matete mbele yetu. Akatulazimisha kulala juu yake na kujivuta kwa tumbo. Raba ya kushoto ilibaki na tope pamoja na soksi ya Kibosho, na kama kuna mamba aliyepata kitu changu basi ni hizo. Mwisho alitolewa Aminieli, Mama Zubeda kamshika mkono huu, Glory ule, na Thobias akimvuta kiunoni kwa mkanda huku akimwombea kwa watakatifu ambao Walutheri hawawaombi.

Barabarani

Tulikaa ukingoni wote watano, hatutofautiani na udongo. Glory ndiye aliyeanza kusema, na niliona alivyotafuta maneno.

"Babu, sitaki nikudanganye. Ningekuwa na mgeni pale, bosi angenifukuza leo leo."

Aminieli alitikisa kichwa kukubali. Nilitaka kuingilia, niseme ni bahati mbaya, niseme kuhusu supu. Aliniinulia mkono.

"Asubuhi nilisema anayezidiwa anashushwa bila ubishi," alisema. "Nimewashusha wengi. Wengine walilia, nikawashusha wakilia. Sikuwahi kumwonea mtu haya. Leo aliyezidiwa ni mimi. Sijui hata ndege."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi ndiye niliyejifuta macho kwa mkono wenye tope nikajizidishia. Kisha akamgeukia Mama Zubeda.

"Mama, hawa watu wakija, uwapitishe wewe. Mimi nitakubebea mzigo."

"Sina mzigo," alisema Mama Zubeda. "Nina ndege wanaokula mpunga."

"Nitawafukuza. Huku unanionyesha njia."

"Goti lako je?"

"Kwenye matete nitapita pembeni. Sitasimama tena."

Mama Zubeda alimkagua kama anayenunua ng'ombe aliyeumia, kisha akamwambia Glory kwamba wageni atawapitisha, mradi wavue viatu na mtu mwingine ndiye awabembeleze, yeye hana muda huo. Glory alinitazama mimi kwanza, mwenye kiatu kimoja na pumzi zote.

"Wa kubembeleza atakuwa babu," alisema. "Akae nyuma, na yule anayeogopa. Mama Zubeda mbele. Tujaribu hivyo."

Kurudi Njoro

Ndeonasia alikuwa amesimama getini, nafikiri tangu tulipoondoka. Thobias na mimi tulikuja mikono mitupu. Aliyebeba meza, viti na sufuria, vyote kichwani, ni Aminieli, jambo ambalo kiongozi wa mlima hafanyi hata siku moja. Alikataa kusaidiwa tangu barabarani. Ndeonasia aliyaona yote hayo tangu mbali.

"Baba Eliya, wamekupa?"

"Wamenipa."

"Uongozi?"

"Upagazi."

Nilijiandaa kumtetea, maneno nilikuwa nayo tayari. Ndeonasia hakunitazama. Alikuwa anamtazama mzee wake, kichwa hadi miguu, tope limekauka kwenye kope.

"Nilipokukubali ulikuwa mpagazi," alisema taratibu. "Ukaniambia nikuvumilie, siku moja utashika mbele."

"Basi nivumilie tena, Mama Eliya," alisema Aminieli. "Safari hii haitachukua muda. Huku chini hakuna mlima."

Ndeonasia akanyoosha mikono, akampokea meza.